Milka Sabol na Upande wa Pili wa Dola

Kabla ya Delbert Rusk kumtia hasira, Milka Sabol hakuwahi kumpandishia mtu sauti mbele ya watu. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi pale Harker Mills, mji wa viwanda vya chuma huko Ohio, na muda wote aliofanya kazi hiyo aliwapakulia watoto viazi na maharage bila kumfokea hata yule aliyemwaga sahani makusudi. Akikasirika alibana midomo, akasugua sufuria mpaka zikalia. Wifi yake Anka, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwa na breki, alikuwa akimtania: "Wewe Milka, mtu akikukanyaga mguu, unayeomba radhi ni wewe."

Mumewe, Jurko, alikula ujana wake mbele ya tanuru la chuma. Kiwanda kilipofunga milango, akabaki na mikono isiyojua pa kwenda, na hapo ndipo sarafu zilipomteka. Hakuwa nazo nyingi. Alikuwa na albamu moja ya karatasi ngumu yenye vitundu vya mviringo, na kila safu ya vitundu ilikuwa na utepe wa plastiki mbele na mwingine nyuma, ambao unauvuta pembeni ukitaka kuitoa sarafu au kuitazama vizuri. Katika albamu hiyo kulikuwa na dola moja ya fedha aliyoipenda kupita kiasi. Baba yake, mhamiaji wa Kislovakia, aliipokea benki ikiwa mpya inameta, akaona ni dhambi kuitumia. Haikuwahi kununua hata mkate. Tena mwaka wake na mji ilikopigwa vilikuwa adimu, kwa hiyo kila mtu wa klabu ya sarafu ya Harker Mills aliijua dola ya Jurko.

Upande mmoja wa dola hiyo una kichwa cha mwanamke aliyevaa taji. Upande wa pili una tai ametanua mabawa. Jurko hakumwonyesha mgeni yeyote kile kichwa.

"Huyu bibi ananikumbusha mama mkwe," alikuwa akisema. "Mtazame. Amegeuza uso vile vile kama ninapomwamkia."

Kwa hiyo aliigeuza albamu, akauvuta ule utepe wa nyuma, akamwonyesha mtu tai. Aliyekuja kusoma mita ya gesi alionyeshwa tai. Padri alionyeshwa tai. Majirani walionyeshwa kila Krismasi kana kwamba hawajamwona mwaka uliotangulia. Na kila alipouvuta ule utepe, plastiki ilimsugua yule ndege kifuani na kwenye bawa, kidogo kidogo, mpaka siku moja Jurko akaweka kioo cha kukuzia jichoni na kuona mistari myembamba kama nywele imejaa kifua kizima. Halafu akamwambia mkewe, "Milka, nimemchubua tai wangu kwa kumpenda." Kile kichwa kisichopendwa kilibaki laini kama siku kilipotoka kwenye kiwanda cha kupigia sarafu.

Jurko alipougua mapafu akajua haponi, alimwambia Milka maneno machache kuhusu mambo ya dunia. Mojawapo lilikuwa hili: "Dola ya baba iuze. Ndiyo jiwe langu la kaburi. Nataka jiwe la kusimama, lenye msalaba wetu na jina langu kwa Kislovakia. Nenda kwa Delbert, hatakupunja."

Delbert Rusk alikuwa na duka la sarafu kwenye barabara kuu, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu. Mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kubembeleza. Yeye na katibu wa klabu, Emmett Yost, walikuwa miongoni mwa wanaume waliobeba jeneza la Jurko. Milka alimwona Delbert akifuta machozi makaburini, na hilo lilimkaa moyoni.

Mwezi Machi alikwenda dukani kwake. Delbert alimpokea kwa mikono miwili, akamvutia kiti.

"Shemeji, karibu. Mimi na Jurko tulikuwa damu damu, unajua. Hebu nione."

Akaitazama dola upande wa kichwa, kioo jichoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaigeuza upande wa tai. Akavuta pumzi kwa meno kama mtu aliyegusa kidonda.

"Aah, Jurko. Umefanya nini tena, ndugu yangu."

"Ni mbaya sana?" Milka aliuliza.

"Nakwambia ukweli kwa sababu ni wewe. Tunapima sarafu kwa namba, mwisho sabini. Kichwa hiki ni sitini na tano. Mtu akinibishia namtoa nje. Lakini huu mgongo umechubuka. Mgongo ni sitini."

"Sasa inakuwa ngapi?"

"Sarafu inapimwa kwa upande wake mbovu, shemeji. Mgongo ukiwa sitini, dola nzima ni sitini. Ndiyo sheria."

Ukisikia sitini na sitini na tano unaweza kudhani ni jambo dogo. Kwa dola kama ile, miaka ile ya themanini mwanzoni, tofauti ya bei ilikuwa kama baiskeli na gari. Milka hakulijua hilo barabara, lakini alijua neno sheria. Alikuwa mtu wa kufuata sheria. Akachukua hundi, akashukuru, akatoka.

Hundi ile haikununua jiwe la kusimama. Ilinunua kibao cha kulala chini, kipana kama sahani ya kupakulia, kilichozikwa kwenye nyasi ili mashine ya kukatia nyasi ipite juu yake bila kukwama. Msalaba haukutosha. Jina liliandikwa kwa Kiingereza, George. Milka alikwenda na mkasi wake wa jikoni kila Jumapili kukata nyasi zilizokuwa zikimfunika mumewe, na aliporudi nyumbani alijiambia kwamba hakuna wa kumlaumu ila Jurko mwenyewe aliyemchubua tai, maana sheria ni sheria.

Ikafika siku ya maonyesho ya klabu, ambayo yalifanyika kila msimu wa kuchipua katika ukumbi wa zimamoto. Wafanyabiashara wa sarafu walitoka miji ya jirani na kupanga meza zao, na watu wakaja kununua, kuuza na kubishana. Milka na Anka ndio waliosimamia jiko, kama miaka yote: kahawa, supu ya kabichi na mikate ya kokwa, ile inayokunjwa na njugu zilizosagwa ndani. Kwenye saa nne hivi Milka akabeba kikombe kumpelekea Delbert mezani kwake.

Dola ilikuwa katikati ya sanduku la kioo, juu ya mahameli ya buluu, kichwa kikitazama juu. Mbele yake kulikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono safi: 65.

Milka alisimama na kikombe mkononi.

"Delbert, nigeuzie hiyo."

"Ya nini, shemeji?"

"Nigeuzie tu."

Delbert akacheka. Lakini pale mezani alikuwapo mteja mmoja, bwana aliyevaa tai ya shingoni na koti zuri, na yeye akasema, "Hata mimi ningependa kuona nyuma." Delbert akaitoa, akaigeuza haraka kama mtu anayegeuza kitumbua kisiungue, akairudisha. Haikuchukua muda, lakini Milka alikuwa ameishi na yule ndege kwa ndoa nzima. Aliiona mistari ya plastiki kifuani mwake.

"Hiyo ni ya Jurko."

"Ilikuwa ya Jurko. Ukaiuza."

"Uliniambia ni sitini."

"Milka, watu wanasubiri."

"Uliniambia sarafu inapimwa kwa upande mbovu. Ukasema ni sheria."

Delbert akainama mbele, akashusha sauti iwe ya kubembeleza, ila meza za jirani zote zilisikia. "Shemeji, sarafu inapimwa kwa uso. Uso ndio sarafu. Nani anatazama mgongo? Mambo haya yana utaalamu wake. Wewe twambie supu itaiva lini."

Mtu wa meza ya pili akacheka. Si kicheko kikubwa, ni kile cha puani. Milka alisema baadaye kwamba kama yule mtu asingecheka, huenda angerudi jikoni akasugue sufuria. Badala yake aliweka kikombe juu ya kile kioo, juu kabisa ya dola, akasimama pembeni ya meza na kukunja mikono juu ya aproni. Kila mteja aliyesogea alimwambia neno moja: "Mwambie aigeuze."

Mzee mmoja akaja. "Mwambie aigeuze." Mama na bintiye wakaja. "Mwambieni aigeuze." Wakati huo hata sarafu nyingine za Delbert zikaanza kugeuzwa, na baadhi yake migongo haikupendeza. Delbert akawa mwekundu kutoka kwenye kola mpaka kwenye upara. Akamwita Emmett Yost.

Emmett alikuwa mtu mrefu, mpole, fundi wa saa aliyestaafu. Alikuja akijikuna kisogo, akamshika Milka kiwiko taratibu, akamwongoza kuelekea jikoni kama anavyoongozwa mtu aliyelewa kwenye harusi. Milka hakumsukuma. Walipofika mlangoni tu akamgeukia.

"Emmett, ninyi wawili mlimbeba mume wangu. Mmoja ananiibia, mwingine ananishika kiwiko nisiseme. Nimwambie nini Jurko Jumapili?"

Anka, ambaye alikuwa amesikia yote kupitia dirisha la kupitishia vyakula, aliinua upawa. "Nimwagie? Niambie tu, wifi. Supu iko moto."

"Anka, acha."

"Kikombe kimoja. Kidogo. Cha upara."

"Nimesema acha." Milka akaketi kwenye kreti la maziwa. "Emmett, nijibu. Ipi ndiyo sheria? Upande mbovu au uso?"

Emmett akavua miwani, akaifuta na shati ingawa haikuwa na vumbi. "Zote zipo. Wengine wanafuata hii, wengine ile. Hakuna anayekatazwa. Lakini Delbert..." Akairudisha miwani puani. "Delbert anazo zote mbili. Ukienda kumuuzia, anatazama upande mbovu. Ukienda kununua kwake, anaandika ule mzuri. Hukuanza wewe. Hata mimi alinifanyia."

"Mnajua?"

"Milka..."

"Klabu nzima mnajua?"

Emmett akainamisha kichwa. Na hapo ndipo hasira ya Milka Sabol ilipohama kutoka kwa mtu mmoja ikawafikia wote. Mwizi alimwelewa, mwizi ana tamaa. Lakini hawa wengine, wenye akili zao timamu, waliokuja kula mikate yake ya kokwa mwaka hadi mwaka, waliomkumbatia msibani, wamekaa wakitazama wajane wakipunjwa na hawakufungua midomo ila kwa ajili ya kunywea kahawa! Akasimama. Akaenda kwenye dirisha la jikoni, akalishusha. Kufunga jiko katikati ya maonyesho! Watu walibisha hodi na vikombe vitupu, na Anka aliwajibu kutoka ndani, "Kamwombeni Delbert, awapimie kahawa kwa upande mbovu."

Kabla ya kuondoka, Emmett alimwambia jambo moja. Vyeti vya chama cha taifa cha wakusanyaji wakati ule vilikuwa vikiandika namba mbili, ya kichwa kwanza na ya mgongo baadaye, na mstari katikati. Hakuna kilichoizuia klabu yao kudai hivyohivyo kwenye maonyesho yake. Ila hakuna aliyethubutu kulileta mkutanoni, kwa kuwa Delbert ndiye mwenyekiti na ndiye anayelipia ukumbi.

"Nitalileta mimi," Milka alisema.

"Wewe si mwanachama."

"Basi niandikishe."

Klabu haikuwahi kuwa na mwanachama mwanamke. Hakukuwa na katazo, ila wazo hilo halikuwahi kumjia mtu akilini. Emmett alimwandikisha palepale, juu ya meza ya kukatia kabichi.

Mkutano ulikuwa kwenye chumba cha chini cha maktaba. Milka alivaa gauni lake la kanisani na kukaa safu ya mbele, na Anka akakaa nyuma kabisa, baada ya kuahidi kunyamaza. Delbert aliongoza kikao kwa ucheshi, akamkaribisha "mwanachama wetu mpya, anayetukumbusha tusisahau chumvi." Wachache wakacheka. Milka alisubiri zamu yake, akasimama, akasema hoja yake kwa sentensi moja: kila sarafu itakayowekwa mezani kwenye maonyesho ya klabu iandikwe namba ya kichwa na namba ya mgongo, na isiyoandikwa hivyo iondolewe.

Delbert hakukasirika. Alitabasamu, akafungua mikono.

"Ndugu zangu, kupima sarafu ni jicho la mtu. Leo mimi nitasema sitini na tano, kesho Emmett atasema sitini na tatu, na wote tuko sawa. Jicho huwezi kulitungia sheria."

Vichwa vikatikisika vikikubali. Milka alikuwa bado amesimama.

"Jicho lako silibishii," alisema. "Jicho lako ni zuri sana. Mwezi Machi lilisema kichwa sitini na tano, mgongo sitini, na ni kweli tupu. Ninachouliza ni hiki: mimi ulinilipa mgongo, na kwenye maonyesho ukauza uso. Dola ni ileile. Jicho ni lilelile. Kilichobadilika ni nani ameshika pochi."

Delbert akaacha kutabasamu.

"Hii ni biashara, Milka, si kanisa. Kila mfanyabiashara ananunua chini na kuuza juu. Ulitaka nile nini?"

"Ungenunua chini kwangu!" Sauti yake ilipanda, na wengi pale hawakuwahi kuisikia ikipanda. "Ungeniambia, 'Milka, dola hii ni nzuri, mimi nitakupa nusu, na mimi nina watoto.' Ningekupa! Ningekupa na kukushukuru, kwa sababu ulimlilia mume wangu. Lakini hukuniambia ni tamaa yako. Uliniambia ni sheria. Umenifanya nirudi kaburini kumwambia Jurko kwamba ni makosa yake, kwamba alimchubua ndege wake mwenyewe. Nimemlaumu marehemu kwa ajili ya uongo wako!"

Nyuma kabisa Anka alijiziba mdomo kwa kitambaa. Hakuahidi kutolia.

Mkulima mmoja mzee, Orville Stamm, ambaye mikutanoni hutumia muda mwingi akisinzia, alisimama. "Hata kwangu alinunua hivyohivyo sarafu za nusu dola za mama yangu," alisema, akakaa. Akasimama mwingine. Halafu mwingine. Si wote, wapo waliotazama viatu vyao mpaka mwisho. Walipopiga kura, hoja ilipita kwa tofauti ndogo kiasi kwamba Emmett alizihesabu kura mara ya pili ili asisingiziwe. Delbert aliweka nyundo ya mwenyekiti mezani, akachukua kofia, akatoka bila kuaga.

Kama ungedhani mambo yalinyooka baada ya hapo, hukai Harker Mills. Delbert alianzisha maonyesho yake kwenye hoteli ya kando ya barabara kuu, na nusu ya wafanyabiashara wakamfuata. Mwaka uliofuata ukumbi wa zimamoto ulikuwa na meza tupu nyingi, na wanachama walimnong'onea Milka, na wengine hawakunong'ona, kwamba ameiua klabu kwa ajili ya dola moja. "Ameua nani?" Anka aliwajibu. "Mgonjwa alikuwa ameshaoza, yeye amefungua dirisha tu."

Dola yenyewe ilikuwa imeshauzwa. Yule bwana mwenye koti zuri aliichukua siku ileile ya maonyesho. Milka hakuiona tena. Delbert hakuomba radhi wala hakurudisha chochote. Emmett na wenzake walipomjia na bahasha ya mchango kwa ajili ya jiwe jipya, Milka aliisukuma mezani ikawarudia.

"Sikuomba mchango. Mngesema Machi, nisingehitaji mchango."

Walikasirika, na yeye hakujali. Aliendelea kwenda kwenye klabu ile mwezi hadi mwezi, akakaa safu ileile ya mbele. Emmett alimfundisha kutumia kioo cha kukuzia, akajifunza kutofautisha mkwaruzo wa plastiki na ule wa sarafu kusuguana ndani ya mfuko wa benki. Siku za maonyesho alipita meza kwa meza akiwa na aproni yake, akigeuza sarafu na kulinganisha na vikaratasi, na wafanyabiashara wakamwita Bibi Geuza, kwanza kwa dhihaka, kisha kwa mazoea. Watu wa mbali walianza kuja kwa sababu walisikia kwamba pale Harker Mills unachosoma kwenye kikaratasi ndicho utakachokikuta mgongoni. Meza zilijaa tena, pole pole. Hakuna aliyemshukuru kwa sauti.

Miaka ikapita. Milka alikuwa amestaafu shule, lakini Ijumaa za Kwaresima alisimama kwenye ukumbi wa kanisa akipakua pirohi, vile vifuko vya unga vilivyojazwa viazi na jibini, na mji mzima ulikuja kula, wa kanisa lao na wasio wa kanisa lao. Ijumaa moja akainua macho akamwona Delbert Rusk kwenye foleni, amekonda, ameegemea mkongojo. Duka alikuwa ameshalifunga.

"Shemeji," Delbert alisema, akanyoosha mkono juu ya sufuria. "Tumezeeka. Yale yameshapita, au siyo?"

Milka aliutazama ule mkono. Hakuwa ametuliza kitu moyoni mwake, na hakuona sababu ya kujifanya.

"Kwako yamepita," alisema. "Na usiniite shemeji. Unataka vitunguu?"

Delbert akashusha mkono. "Kidogo."

Milka akampakulia pirohi idadi ileile aliyompakulia kila mtu, akamwekea vitunguu, akamfutia ukingo wa sahani kwa kitambaa kama alivyofanya kwa wote, akamkabidhi.

"Anayefuata," akasema.